Kila Tone Litachemka

Mwenye haya asipite Nyabugogo. Kituo kile cha mabasi cha Kigali, mvua ikishakatika, ni matope, makondakta, kuku waliofungwa miguu, na watu wanaogombea viti kama wanagombea mirathi. Ndipo aliposhuka Illuminée, Septemba ya mwaka 1993, amekunja suruali ya jinzi hadi magotini, buti za mpira miguuni, shati jeupe la kiume, kitambaa cha samawati kichwani na kisanduku cha barafu begani. Wanawake waliitazama ile suruali. Wanaume, basi tuseme nao waliitazama.

Léonce hakuitazama. Alikuwa na kiu, akaona kisanduku.

"Dada, niuzie moja baridi."

"Moja nini?"

"Fanta. Ama kitu yoyote iko humo."

"Humu mna maji ya mfereji unaopita nyuma ya vyoo vya stendi. Nikufungulie?"

Léonce alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa fundi redio wa Nyamirambo, kijana mrefu mwembamba, shati la mistari limepigwa pasi hata linakata. "Maji machafu ndani ya barafu! Unayatunzia harusi?"

"Nayapeleka maabara. Nasomea uhandisi na usimamizi wa maji, shahada ya pili, Dar es Salaam. Nimekuja kuchukua sampuli za utafiti wangu."

"Ndiyo maana unaongea kama taarifa ya habari."

"Na wewe unaongea kama redio mbovu."

"Basi umemfikia fundi, sha. Leta nikubebee."

Wengine mapenzi yao huanza na maua. Haya yalianza na maji ya choo, na sioni kama yalipungukiwa kitu.

Noeli ilipokaribia, Léonce alikuwa ameshakibeba kisanduku kile Rebero, Kimironko, na bondeni kote chini ya Nyamirambo. Alijifunza kuchoma mdomo wa bomba kwa kiberiti kabla ya kukinga maji. Alijifunza kwamba maji huchujwa kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikalazwa mahali pa joto, na kesho yake unahesabu madoa yaliyoota juu yake.

"Kila doa ni familia ya vijidudu vya kinyesi," Illuminée alimweleza.

"Wewe ni mwanamke wa kwanza kunitongoza kwa kinyesi."

"Nani anakutongoza? Shika chupa vizuri."

Walicheka sana siku hizo, na labda walikuwa peke yao. Nchi ilikuwa vitani, ingawa mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini. Kitambulisho cha Illuminée kiliandikwa Mhutu, cha Léonce kiliandikwa Mtutsi, na watu walianza kukuuliza neno hilo kabla ya kukuuliza habari ya asubuhi. Wateja walimletea Léonce redio zao ili wasikie vizuri matusi mapya yaliyokuwa yakirushwa hewani. "Nazitengeneza asubuhi," alisema, "jioni zinanitukana." Illuminée hakucheka. Alimshika mkono mbele za watu, na mjomba wake wa mtaa wa Kiyovu alikofikia, mtu wa ofisi kubwa na gari, alipopata habari alikaa wiki nzima hasemi naye.

"Mjomba wako akikataa tutaishi," Léonce alimwambia. "Lakini mama yangu akikukataa, Ilu, sina la kufanya. Sina mwingine duniani."

"Atanikubali."

"Tutaona."

Mama huyo aliitwa Mukabalisa, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Tangu mumewe alipokufa ghafla, majirani walinong'ona kwamba ni mrozi, mtu wa kuwatilia wenzake sumu. Kwetu neno hilo ni zito, jamani. Mtu akishaitwa mrozi, vikombe vyake hurudi jikoni vimejaa. Ndiyo maana desturi ya kuonja ilikuwa kubwa kwake kuliko kwa mtu mwingine: mwenyeji hunywa funda la kwanza mgeni akiona, ndipo humpokeza. Maana yake, kama humu mna kifo, nitatangulia mimi.

Illuminée alikwenda Jumapili baada ya misa, amejifunga umushanana wa zambarau, ile nguo yetu ya begani, akapendeza hata Léonce akasahau kusalimu. Sebuleni alikuwapo Cécile, jirani wa ukuta mmoja, aliyealikwa makusudi ili akaupeleke mtaani ushahidi wa siku ile. Mukabalisa alileta kibuyu cha ubushera, kinywaji cha mtama. Akakiona kizito, akakizimua kwa maji ya ndoo iliyokuwa pembeni. Akaonja, akafuta ukingo kwa kiganja, akampokeza mkamwana.

Illuminée aliitazama ndoo. Maji yale yalitoka chemchemi ya bondeni, chini ya vyoo vya mtaa mzima, na asubuhi ileile kabla ya misa alikuwa ameitazama karatasi ya maabara. Madoa yalikuwa mengi hata hayahesabiki. Lakini profesa wake wa Dar alimfundisha sheria moja: kipimo kimoja ni uvumi tu, usitangaze mpaka uwe umerudia na kurudia tena. Na mama aliyemzaa alimfundisha nyingine: humwambii mtu nyumbani kwake, mbele ya jirani yake, kwamba anakunywa kinyesi. Hebu niambieni, angefanya nini? Mimi nasema angekunywa, tumbo likaumwa, likapona. Lakini msomi ni msomi.

"Asante, Mama. Sina kiu."

Cécile aliweka kibuyu chake chini polepole. "Eeh," alisema, "kumbe hata watu ya Kiyovu imesikia."

Mukabalisa alikichukua kibuyu kile, akakinywa chote mwenyewe, macho yake yakiwa usoni kwa Illuminée, kisha akaingia jikoni na hakutoka tena.

Léonce alimsindikiza mgeni mpaka barabarani.

"Hata wewe, Ilu?"

"Léonce, nisikilize. Yale maji..."

"Maji! Kila siku maji! Mama yangu ameshaitwa mrozi mtaa mzima, leo umempigia muhuri, na wewe unaniletea habari ya maji?"

"Ndiyo hiyo ninayotaka..."

"Ama ni kitambulisho? Sema. Kinywaji cha Watutsi hakipiti kooni?"

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Illuminée alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akavuta umushanana wake begani, akaenda zake. Baada ya mwaka mpya akarudi Dar bila kuaga.

Kiburi ni kiburi, lakini kabla ya kusafiri aliteremka tena bondeni na kukinga maji ya ile chemchemi, siku tofauti, chupa tofauti. Madoa yakawa yaleyale. Profesa akaitikia kwa kichwa akasema sasa si uvumi. Hapo ndipo Illuminée alipokwenda posta, wiki ya mwisho ya Machi 1994, akapiga simu dukani kwa Maneno, jirani pekee wa akina Léonce mwenye simu, akangoja aitwe.

"Nani?"

"Mimi. Usikate."

Léonce akasema kwa sauti ya baridi, "Habari za Dar?"

"Chemchemi yenu ina kinyesi."

"Ina nini?"

"Nimerudia kupima, nimehakikisha. Siku ile nilikuwa na kipimo kimoja tu, nikaogopa kusema. Sikumwogopa mama yako, Léonce. Niliogopa ndoo."

Kicheko kilipasuka upande wa pili, halafu kikavunjika katikati. "Mungu wangu! Shahada ya pili, na umeshindwa kuninong'oneza maneno mawili, maji mabaya?"

"Nilianza. Ukanifokea."

"Nilifoka. Na lile la kitambulisho..."

"Lile linaniuma mpaka leo."

"Lilinitoka kwa uchungu, na lilikuwa ujinga. Nisamehe hilo, kipenzi changu. Mengine tutagawana."

Kabla hajajibiwa, simu ilinyakuliwa na Mukabalisa, aliyekuwa amemfuata mwanawe dukani.

"Wewe mtoto! Umenifanya mrozi mbele ya Cécile!"

"Nisamehe, Mama."

"Ungekuja sikioni. Mimi ni mjane, si kiziwi."

"Uyachemshe maji, Mama. Yatokote kabisa, ndipo uyaache yapoe."

"Nitachemsha. Mpaka siku utakayoingia humu, kila tone litachemka. Nakuahidi. Na siku hiyo nitaonja mimi, kisha wewe utakunywa mpaka chini. Unanisikia?"

"Nitakunywa, Mama."

Léonce alirudishiwa simu. "Umesikia? Umeshaolewa. Mimi nangoja tu kuambiwa tarehe."

"Agosti, nikimaliza."

"Agosti ni mbali, sheri."

"Si mbali," alisema Illuminée, naye aliamini hivyo.

Aprili siisimulii kwa urefu, na asiyekuwepo asinihimize. Ndege ya rais ilidunguliwa, vizuizi vikawekwa barabarani, Watutsi wakauawa nyumba kwa nyumba, wengi wao na watu waliowajua tangu utotoni. Illuminée alipiga simu kwa Maneno mpaka wahudumu wa posta wakamjua jina. Kisha simu ikaacha kuita. Mei watu wa Dar wakaanza kusema kuwa maiti zinashuka na mto Kagera hadi ziwani, na samaki hawaliwi. Darasani Illuminée alikuwa amefundishwa kukokotoa muda ambao maji hutumia kutoka mto Nyabarongo, chini ya Kigali, mpaka ziwani. Wenzake walipotaja mito, alitoka nje. Hakutaka kichwa chake kifanye hesabu ile.

Alirudi Septemba, pamoja na mafundi waliokuja kufufua mabomba ya mji. Mjomba wa Kiyovu alikuwa amekimbilia Zaire. Nyamirambo ilikuwa na kuta zenye matundu na mbwa walionenepa. Kwa akina Léonce mlango ulikuwa wazi.

Léonce alikuwa ameketi chini. Shati lake halikuwa limepigwa pasi tangu lini sijui, na mwili wote ulikuwa umekwisha. Walitazamana.

"Ilu."

"Ni mimi."

Hawakukumbatiana. Léonce alisimama kama mwenyeji anavyopaswa, akachota maji kwenye ndoo kwa kile kibuyu, akaonja, akampokeza. Illuminée alikishika kwa mikono miwili.

"Yamechemshwa?"

"Hapana."

"Basi siyanywi," alisema wazi, kwa sauti ambayo hata Cécile angeisikia kama angekuwepo. "Haya ndiyo yanayokumaliza. Na wewe usiyanywe."

"Humu ndani siwashi moto."

"Mama yuko wapi, Léonce?"

Léonce alisema yote kwa pumzi moja. "Nilikuwa nimejificha juu ya dari, tumbo na homa. Mkaa uliisha. Nikamwambia Mama nipe maji hivyohivyo, akasema nimemwahidi mkamwana. Akavunja kiti akawasha. Moshi ukapita kwenye vigae, wale wauaji wakauona, na walikuwa wanadhani nyumba ni tupu. Akatoka mlangoni akawaambia yuko peke yake."

Illuminée aliteremka mpaka sakafuni. Kibuyu kilimwagika juu ya sketi yake.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemwambia achemshe."

Léonce hakukanusha upesi. Aliufikiri huo ukweli kwanza, na Illuminée alimwona akiufikiri, na nadhani hakuna mwanamke aliyewahi kungoja jibu kwa uchungu kama ule.

"Nimesema hivyo miezi yote hii," alisema hatimaye. "Nilikuchukia, Ilu. Nikinywa maji mabichi nilikuwa nakukomoa wewe. Lakini waliokuja wana majina, nawajua. Mmoja nilimtengenezea redio, akanishukuru. Moshi haukumuua mama yangu. Wao ndio walimuua."

Illuminée alilia hapo, kilio kibaya, cha kamasi na kwikwi. Léonce alimwacha alie. Halafu akainuka akishika ukuta, akakusanya miguu ya kiti iliyobaki, akaiweka kwenye mafiga, akatia maji sufuriani.

"Una kiberiti?"

Alikuwa nacho, kile cha kuchomea midomo ya mabomba. Njiti mbili zikavunjika mkononi mwa Léonce. Ya tatu ikashika. Kuni zilikuwa na unyevu, zikatoa moshi mzito mweupe uliopanda, ukajaa darini, ukatoka kwenye vigae mpaka nje, ambako mtaa mzima ungeweza kuuona. Wote wawili waligeuka wakautazama mlango. Walishikana mikono, wakautazama kwa muda mrefu.

Hakuna aliyekuja.

Maji yakatokota. Wakayaacha yapoe. Léonce alichota kwa kibuyu, akanywa funda la kwanza, akafuta ukingo kwa kiganja kama alivyofanya mama yake, akampokeza. Illuminée alikunywa mpaka chini, kama alivyoahidi, kisha akakipindua kibuyu kitupu mbele ya mafiga, Mukabalisa aone kwamba hakikubaki kitu.