Chupa ya Immaculate

Haya yalimpata Valentine, rafiki yangu niliyesoma naye chuo, na amenisimulia mara tatu bila kubadilisha neno.

Saa tisa mchana alikwenda Mbololo kumrudishia binamu yake Immaculate koleo la kukatia nyaya. Kila mmoja alikuwa akijitengenezea mtambo wa kutoa haidrojeni kwenye maji, na Voi nzima ilipewa nafasi moja tu katika maonyesho ya wavumbuzi. Mtambo wa Valentine ulitoa mapovu manne kwa dakika. Wa Immaculate ulichemka kama chungu cha maharagwe.

"Vale, wako bado umelala?" Immaculate alimcheka huku akianika nguo. "Weka koleo stoo. Na usiniulie mtambo kwa hayo macho!"

Stoo haikuwa na dirisha. Gizani, mapovu yalisikika yakibubujika ndani ya chupa ya maji inayopitishiwa gesi. Wivu ukamkaba Valentine. Alipapasa mpaka kwenye betri ya pikipiki, akang'oa nyaya zote mbili. Bila umeme gesi haitoki. Hilo alilijua vizuri.

Akahesabu hadi mia. Bado chupa ilitoa povu, ikanyamaza, ikatoa jingine. Ndipo akagundua kwamba kila povu lilitoka wakati yeye anatoa pumzi.

Akabana pumzi. Chupa ikanyamaza.

"Umeliweka?" Immaculate aliita kutoka nje.

Valentine aliziba mdomo kwa kiganja. Alibana mpaka kifua kikamuuma, na kabla hajaachia, chupa ikashusha pumzi ndefu, karibu kabisa na sikio lake.