Buti Zilizokataa Kutoa Maji

Kila Jumamosi, soko la Kabati lilipoanza kujaa watu, Nzilani alikuwa ameshatandaza turubai na kupanga viatu vya mitumba vya mamake, jozi kwa jozi. Vilivyokuwa na matope alivisugua kwa brashi. Vilivyobonyea alivijaza magazeti mpaka vikarudia umbo lake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, lakini wateja wengi walimtafuta yeye. Alikuwa akikipokea kiatu, anakibonyeza kisigino kwa kidole gumba, anaipinda soli, kisha anasema bila kusita, "Hiki kitakufikisha Krismasi," au, "Hiki kiache, shangazi. Gundi yake imechoka."

Kwa hiyo Mwalimu Nthenya alipowatangazia wanachama wa chama cha baiskeli cha shule kwamba likizo ya Novemba wangeendesha kutoka Kabati hadi Kikima, Nzilani hakuwa na wasiwasi hata kidogo kuhusu viatu.

"Hatutapita kwenye lami," Mwalimu Nthenya aliwaeleza. "Tutapita njia za mifugo, mawe, na mito ya msimu. Kila mtu atafunga mzigo wake kwenye baiskeli yake, na tutalala njiani kwenye uwanja wa kanisa. Mvua zimeanza, kwa hivyo mtalowa. Tafuteni viatu vinavyofunika vidole, vyenye soli ngumu inayoshika. Halafu mviendeshee baiskeli kabla ya safari, pakavu na ndani ya maji. Msije na kiatu msichokijua."

Jumamosi iliyofuata, mamake alipofungua mzigo mpya wa viatu, Nzilani aliona buti nyeusi za ngozi nene, zimepita vifundo vya miguu, ndani zimeshonewa sponji laini. Alizitia kwenye beseni la maji, akazishikilia hapo kwa muda, kisha akapitisha mkono ndani. Pakavu kabisa.

"Nimepata zangu, mwaitu," alimwambia mamake, akimwita kwa Kikamba kama walivyozoea nyumbani. "Hata tone moja halipiti."

Mamake alizigeuza geuza. "Halipiti kwa chini. Na maji yakiingilia juu?"

"Hayatafika juu."

"Umeziendeshea baiskeli?"

"Nitaziendeshea," alijibu Nzilani. Hakufanya hivyo. Buti zilikuwa zinang'aa, naye hakutaka kuzichafua kabla ya siku yenyewe.

Jioni hiyo Mulei na Mbinya walifika pale kibandani. Mulei alikuwa darasa moja na Nzilani. Mbinya alikuwa mdogo kuliko wao, msichana mwembamba mwenye bidii, na hii ingekuwa safari yake ya kwanza. Mulei aliokota raba za rangi ya kijivu, zenye soli ngumu ya meno na kitambaa cha wavu ubavuni.

Nzilani alicheka. "Hizo zina matundu, Mulei. Utaingia mtoni utoke na samaki ndani."

"Ni nyepesi, na soli inashika vizuri pedali," alisema Mulei. "Nitazijaribu."

Mbinya alimtazama Nzilani. "Mimi nichukue zipi?"

Nzilani alimtafutia buti zilizofanana na zake, ndogo kidogo. "Hizi," alisema. "Miguu yako itafika Kikima mikavu kama ilivyotoka nyumbani."

Mbinya alizichukua hapo hapo.

Siku ya safari walianza asubuhi na mapema baada ya mvua kubwa. Udongo mwekundu ulinata kwenye magurudumu, lakini hewa ilikuwa safi, na vilima vya Mbooni vilionekana mbele yao, vya kijani hadi kileleni. Nzilani aliendesha karibu na Mwalimu Nthenya. Kila dimbwi alilipita katikati makusudi, naye Mbinya akimfuata nyuma, wote wawili wakicheka kwa furaha.

Kisha wakaufikia mto. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yakienda kwa kasi, yamebeba matawi. Mwalimu Nthenya aliwasimamisha mbali na ukingo.

"Hapa hatuvuki sasa," alisema. "Tutakaa, tutakula, tutangoja yashuke."

Walingoja hadi mawe ya katikati yakaonekana tena na maji yakatulia. Mwalimu alitangulia akipima kina kwa fimbo, akarudi, kisha akawavusha mmoja mmoja, kila mtu akiisukuma baiskeli yake. Maji yalifika chini kidogo ya magoti. Nzilani aliyahisi yakimiminika ndani ya buti kutoka juu, baridi na mazito kwa mchanga.

Ng'ambo ya pili, Mulei alipiga miguu chini mara chache. Maji yakaruka nje kupitia ule wavu, akapanda baiskeli yake, akaenda. Nzilani alivua buti zake, akamwaga maji, akavaa tena. Lakini sponji ilikuwa imeshanyonya. Kila alipokanyaga pedali, buti zililia chubwi, chubwi, na uzito wake ulikuwa kama wa matofali. Baada ya muda, kitu kilianza kumchoma kisiginoni.

Aligeuka kumtazama Mbinya. Alikuwa amebaki nyuma, akiendesha kwa ncha za vidole ili visigino visiguse kiatu. Nzilani alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Vinauma?"

Mbinya aliitikia kwa kichwa. "Usimwambie Mwalimu. Ataniitia pikapu ya kanisa inirudishe nyumbani."

Nzilani alijua kwamba ilimpasa kusema. Alijua pia wenzake wangesema nini: yule msichana wa viatu hajui viatu. Alimwona Mulei mbele, raba zake zimeanza kukauka.

"Tutafika kambini hivi karibuni," alimwambia Mbinya. "Vumilia kidogo."

Walivumilia kwenye tambarare, wakavumilia kwenye mchanga. Njia ilipoanza kupanda, ikiwa na mawe yanayoteleza, mguu wa Mbinya ulichomoka kwenye pedali. Baiskeli iliyumba na mzigo wake, ikamtupa kichakani. Nzilani aliitupa yake akakimbia. Mbinya alikuwa ameketi kwenye majani, amechunika kiwiko, machozi yanamtoka kimya kimya.

"Nimeteleza tu," alisema Mbinya haraka Mwalimu Nthenya alipowafikia.

"Hakuteleza tu," Nzilani alisema. "Mwalimu, visigino vyake vimechubuka tangu tulipovuka mto. Nilijua. Buti nilimchagulia mimi, na sikuwa nimezijaribu. Hata changu kimechubuka. Niliogopa kuchekwa."

Mwalimu Nthenya hakumkaripia. Alimvua Mbinya buti na soksi polepole. Kisigino kimoja kilikuwa na lengelenge kubwa, na kwenye kingine lilikuwa limeshapasuka. Mwalimu aliosha vidonda kwa maji safi, akavikausha, akavifunika kwa bendeji, kisha akakifunga na kisigino cha Nzilani. "Hivi ningevikuta vikiwa vyekundu tu, lingekuwa jambo dogo," alisema. Wakamvalisha Mbinya kandambili zake za kambini, na sehemu iliyobaki wote walitembea, wakisukuma baiskeli pole pole pamoja naye.

Kanisani walipokelewa na Mama Kaluki, mama mnene mcheshi aliyekuwa amewachemshia githeri ya mahindi na maharagwe, na chai. Wenzake walipokuwa wakila, Nzilani aliketi kando ya moto akiwa na buti yake kwenye mkono mmoja na raba ya Mulei kwenye mwingine. Raba ilikuwa karibu kavu. Alimwagia buti kikombe cha maji ndani, akaiinua. Maji yalikaa pale kama kwenye sufuria.

"Mulei," aliita. "Nilikucheka kwa sababu ya matundu. Kumbe matundu ndiyo yaliyokusaidia."

Mulei aliketi karibu naye. "Kwangu vidole viliumia kwenye mawe," alikiri. "Mbele ni laini mno. Buti yako ingenifaa hapo."

Nzilani aliitazama tena buti, kwa jicho lile lile la sokoni. Ngozi ilikuwa nzuri. Soli ilikuwa ngumu na ilishika. Ncha yake ililinda vidole. Kilichokosekana ni njia ya maji kutoka. Alikwenda kwa Mwalimu Nthenya. "Tukiitoboa ubavuni, chini kabisa karibu na soli, na tukiitoa hii sponji, nadhani itafanya kazi."

"Unadhani, au unajua?"

"Nadhani," alisema Nzilani. "Nitajua nikiijaribu."

Mwalimu alitabasamu. Mama Kaluki alileta msumari na koleo. Mwalimu aliupasha msumari moto, akatoboa pale Nzilani alipoonyesha, pande zote mbili. Nzilani alikata sponji yote ya ndani, akavaa buti juu ya soksi nene, akasimama ndani ya karai la maji. Alipotoka, maji yalichuruzika mpaka yakaisha. Kisha akapanda baiskeli na kuuzunguka uwanja wa kanisa, mara nyingi kuliko alivyohitaji, akisikiliza. Hakusikia chubwi. Alipovua, alikipapasa kisigino chake juu ya bendeji, na mshono uliokuwa ukikikwaruza akaukata pia. Ndipo akaanza kushughulikia buti za Mbinya. Alipomaliza, alizijaza magazeti zote nne na kuzipanga mbali kidogo na moto ngozi isije ikapasuka.

Asubuhi Mwalimu Nthenya alivikagua visigino vya Mbinya. Vilikuwa vimekauka. Alivifunga upya, akamtaka azungushe baiskeli uwanjani kwanza. Mbinya alizunguka, akarudi akicheka. "Vinauma kidogo tu, Mwalimu. Na vikizidi nitasema."

"Ukisema hivyo, tunaenda pamoja."

Safari ya siku hiyo ya pili haikuwa nyepesi. Manyunyu yaliwapiga, na kijito kingine kiliwajaza maji miguuni. Lakini ng'ambo, Nzilani na Mbinya walipiga miguu chini, maji yakawatoka kwenye matundu, wakaendelea kupanda. Mara mbili Mbinya aliomba wapumzike, na kundi zima likapumzika. Mchana waliingia Kikima, wamepakaa matope hadi masikioni, ukungu ukiteremka kwenye mashamba ya vilimani, na wauzaji wa maparachichi sokoni wakasimama kuwatazama.

Waliketi kwenye nyasi mbele ya kanisa la hapo, viatu vimepangwa ukutani vikichuruzika. Mwalimu Nthenya aliviangalia, kisha akawageukia.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Kwenye njia kama hii maji yataingia tu, hata ufanyeje. Kiatu kizuri ni kile kinachoyaruhusu kutoka, kinachoshika jiwe, kinacholinda vidole, na ambacho mguu wako umeshakizoea. Hayo ni ya viatu. La pili ni la watu. Jana Mbinya alipata kidonda kwa sababu mtu anayemwamini alimwambia jambo ambalo hakulihakikisha, na kidonda kikakua kwa sababu wawili walijua na wakanyamaza. Leo amefika Kikima kwa baiskeli yake kwa sababu mtu huyo huyo alikubali kosa mbele ya kila mtu, akaketi akalirekebisha. Watu wakikuamini, Nzilani, jaribu kwanza ndipo useme. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado ni jambo dogo."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Nzilani.

Mbinya alikuwa amenyoosha miguu, vidole vinaota jua lililotokeza. "Safari nyingine ni ya kwenda Kalamba," alisema. "Nzilani, utanichagulia viatu tena?"

Nzilani aliitazama miguu ile yenye bendeji. "Nitakuchagulia," alisema. "Lakini mwezi mzima kabla, na tutavijaribu pamoja."