Saa Kumi na Mbili ya Manila

Perlita alikuwa anakunja nguo zake nyeusi. Jikoni, mumewe Wilfredo alikuwa anakaanga samaki wakavu. Ilikuwa Jumanne jioni, hapa kwetu Toronto, wakati wa kiangazi.

Mama yake Perlita alikuwa amefariki Manila. Desturi yetu sisi watu wa Manila ni kukesha na marehemu mpaka azikwe, na mtoto aliye mbali husubiriwa. Perlita alikuwa amesubiriwa siku nane. Sasa kaka yake alikuwa amepiga simu: mazishi ni Ijumaa, saa tatu asubuhi. Padri hawezi kusogeza tena.

Jirani yao Crisanto aliingia na sufuria ya uji wa mchele na kuku. Yeye hupakia mizigo kwenye ndege.

"Pole sana, dada. Unaruka lini?"

"Alhamisi, saa nane mchana. Nakaa angani saa kumi na sita. Nafika Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, namuwahi mama."

Crisanto akaweka sufuria chini. "Hiyo saa kumi na mbili ni ya wapi?"

"Si zilezile, kaka?" Wilfredo akadakia. "Kiangazi hatugusi mshale wa saa. Huku saa mbili, kule saa mbili."

Sote hapa tunasema hivyo. Ndivyo tulivyozoea kupiga simu nyumbani, na siwacheki.

"Haya, shemeji," Crisanto akasema. "Ulipokuwa unampigia mkweo wakati wa chakula cha jioni, yeye alikuwa anakunywa nini?"

"Kahawa ya asubuhi."

"Asubuhi ya siku gani?"

"Ya kesho yake."

"Basi. Nambari ni moja, lakini Manila wako mbele kwa saa kumi na mbili. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita elfu kumi na tatu. Ukitua, dada, huku itakuwa Ijumaa asubuhi. Kule itakuwa Ijumaa jioni."

Perlita akaketi juu ya nguo alizozikunja. "Watakuwa wameshamzika," alisema. Akalia kwa sauti, maana uchungu ulimzidi.

"Usilie bado. Lete tiketi. Umeona? Saa ya kuondoka ni ya huku. Saa ya kufika ni ya kule. Imeandikwa jioni, hapa."

"Mimi niliona saa kumi na mbili tu, nikaridhika."

"Wengi huishia hapo. Soma saa, soma na tarehe. Sasa piga simu, uombe ndege ya kesho."

Perlita alipiga. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja, karibu na choo.

"Nipe hichohicho," alisema. "Hata kama ni mlangoni."

Aliondoka Jumatano saa nane mchana. Alitua Manila Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Akauona uso wa mama yake kupitia kioo cha jeneza, akakaa naye mpaka kukacha.

Huku Toronto, Alhamisi saa tatu usiku, simu ya Wilfredo ililia.

"Tunamshusha sasa," Perlita alisema. "Nimemwekea maua kwa mkono wangu."

Wilfredo akatazama saa ya ukutani. Ndege ya Alhamisi ilikuwa imeruka tangu saa nane mchana. Ilikuwa bado na saa tisa angani.