Kanyaga, Achia

Pedali ya mafuta ilikuwa na joto. Si joto la jua, maana gari lilikuwa limelala chini ya mabati tangu jana yake; lilikuwa joto la mahali ambapo mtu ametoa mguu sasa hivi. Fundi Muli aliigusa kwa kidole, akaguna, akajipangusa kwenye ovaroli. Huyu Muli, nikwambie, alikuwa mjuaji. Gereji yake pale Kyumbi ilikuwa mabati machache na shimo moja la kuingilia chini ya magari, lakini ukimsikiliza ungedhani magari yote ya Machakos yamezaliwa mikononi mwake.

Gari lilikuwa la Sista Nthambi, mkunga wa zahanati moja upande wa Konza. Alilinunua kwa mjane wa mfanyabiashara fulani aliyekwenda Mombasa maskini, akarudi tajiri, kisha akafa ghafla. Shida ya gari hilo haikushikika. Leo ukikanyaga mafuta, kimya, kama hujakanyaga. Kesho linaruka lenyewe mguu wako ukiwa hewani. Juma lililopita lilimchomoka Nthambi barabara kuu, trela iko mbele, na nyuma amemkalisha bintiye Mwongeli, mtoto wa miaka minne.

"Fundi, niambie ukweli," Nthambi alisema alipolileta. "Naweza kuweka mtoto wangu hapo ndani tena? Ukisema imepona, nitakuamini."

"Sista, wewe niachie. Hakuna gari imewahi kunishinda."

Haya. Akabadilisha kebo ya mafuta. Akafungua kabureta, akaiosha na petroli, akairudisha. Akakagua springi, chujio, pampu, kila kitu kizima. Jioni linaitika vizuri, asubuhi limegoma. Na mle ndani mlikuwa na harufu ya udi, hata baada ya kusugua viti kwa sabuni mara mbili.

Siku ya nne, mchana kweupe, Nthambi alikuja kuona kazi imefika wapi. Muli akamkalisha kwenye kiti cha dereva, akawasha injini, akainua boneti na kuinamisha kichwa. Mafundi ndivyo wanavyotafuta ugonjwa: mmoja ndani, mmoja kwenye injini, boneti katikati, hawaonani. Alitafuta spana kidogo, akaanza.

"Kanyaga!" Injini ikapanda. "Achia!" Ikashuka. "Nusu! Hapo hapo, shikilia!"

Lo, mguu gani huo! Nusu ilikuwa nusu kweli, haitetemeki. Muli akacheka kwa raha. "Wewe unakanyaga kuliko fundi yeyote Kyumbi hii. Kuanzia leo nimekuandika kazi hapa kwangu!"

"Umemwandika nani?"

Sauti ya Nthambi ilitoka nyuma yake. Alikuwa mlangoni pa gereji, vikombe viwili vya chai mkononi. Alikuwa ameshuka garini kwenda hotelini Muli alipokuwa bado anatafuta spana. Muli aliinua kichwa polepole, akachungulia kando ya boneti, akakiona kiti cha dereva kitupu, na chini yake pedali imezama nusu, imetulia pale pale alipoiambia itulie, na ile harufu ya udi ikamjia usoni kwa joto, kwa vipindi, ikija na kurudi, mpaka akaelewa kwamba ni pumzi.

"Achia," akanong'ona. Pedali ikainuka.

Alikimbilia hotelini kwa Kalunde. Mume wa mama huyo aliwahi kuleta jini kutoka Pwani, na Kalunde mwenyewe ndiye aliyelifukuza, kwa hiyo watu wenye matatizo hayo walimwendea kimyakimya.

"Mwaitu, mama yangu, nimefanya nini?"

"Shusha sauti," Kalunde alisema. "Jini la kununuliwa halikai bila kazi. Tajiri wake amekufa, sasa linachezea hiyo gari likitafuta mtu wa kulituma. Wewe umelituma, umelisifu, umeliandika. Ni lako."

"Na nikilifuta?"

"Litatoka kwako. Lakini litatafuta mwingine."

Muli alisikia ile nusu ya kwanza tu. Alirudi, akazima injini, akatia ufunguo mfukoni, akasema mbele ya Nthambi, "Kazi imeisha. Nimekufuta. Nenda!" Pedali ikaanza kugonga sakafu, taratibu, kisha haraka, kisha kwa hasira hadi mabati ya paa yakawa yanalia nayo na chai ikamwagika mikononi mwa Nthambi, halafu mlango wa dereva ukafunguka, ukajifunga, na harufu ikawapita ikaenda zake.

Siku mbili Muli aliliendesha gari lile huku na huku. Halikukosea hata mara moja.

"Imepona?" Nthambi aliuliza, mkono begani mwa Mwongeli.

"Imepona, Sista. Nakuapia."

Akamwamini. Akamfunga mtoto nyuma, wakaondoka.

Simu ya Muli ililia baada ya dakika ishirini.

"Fundi, usipige kelele." Nthambi alikuwa akinong'ona, meno yakigongana. "Nimesimama kando ya barabara. Kuna mtu nyuma. Amempakata Mwongeli. Anasema amefutwa kazi. Anauliza kama mimi niko na kazi ya kumpa. Nimwambie nini?"

Wooi, Ngai! Muli angeweza kukata simu, na hakuna ambaye angejua. Lakini yeye ndiye aliyeapa.

"Usimjibu kitu. Mpe simu."

Upande wa pili ikaja pumzi, ndefu, ya joto, hata sikio lake likahisi.

"Nilikosea," Muli akasema, machozi yakimtoka. "Kazi iko. Rudi."

Pumzi ikakatika. Kisha kilio cha Nthambi, "Ameenda! Mtoto yuko sawa, fundi, ameenda!"

Muli akafurahi, kweli akafurahi, na kabla simu haijakatika gereji nzima ilikwisha kunuka udi. Hapakuwa na gari la mteja hata moja. Palikuwa na pikapu yake tu, nzima kabisa, haina ugonjwa wowote. Alitazama njia ya kwenda kwake, alikokuwa mkewe na watoto, akajua hawezi kuwapelekea mgeni asiye na kazi. Akainua boneti ya pikapu, akaanza kuifungua injini nzima, boliti moja baada ya nyingine.

"Kanyaga," akasema.