Mshipa Uliopita Kwingine

Mbinya alikutana na Kitonga kwenye soko la mbuzi mjini Mwingi, malori yakipiga honi na vumbi limetanda. Mbinya alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya machungwa, stetoskopu ya hospitali bado ikiwa shingoni.

"Daktari, huyo mbuzi unampima presha ama unanunua?" Kitonga, mfanyabiashara wa mifugo, alimtania.

Mbinya akacheka, akampa namba. Mwaka haukuisha kabla hawajakubaliana kuoana.

Ikafika Jumamosi ya ntheo, mbuzi wa posa wanaopelekwa kwa kina msichana. Hawachinjwi mpaka msichana mwenyewe aseme ndiyo mbele ya wazee. Mbinya hakutokea. Wazee walingoja hadi jioni, mbuzi wakarudishwa kwenye lori wakiwa hai, na Kitonga akaacha kushika simu za Mbinya.

Jumatatu alimfuata hospitalini, shati limepigwa pasi, uso umekunjamana. Alimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, amechoka kiasi kwamba hata kuinua kichwa ilikuwa kazi.

"Kama hunitaki sema tu, Mbinya. Si kuniaibisha mbele ya baba."

"Nakutaka, mpenzi. Waliniita Jumamosi asubuhi, kuna mama alikuwa amezidiwa."

"Kwa meseji ulisema ni kutoa mfuko wa nyongo, kitu ya saa moja."

"Ndani kila kitu kilikuwa kimeshikana. Nikashika mshipa niufunge, nikaona ni mnene sana. Watu wengi mshipa wa ini unapita vile tulisoma, lakini wengine Mungu amewapitishia kwingine. Huo ulikuwa wa ini, Kitonga. Ningeukata, ningemuua. Ilibidi niufuate polepole mpaka nijue unaenda wapi."

"Na kupiga simu useme umechelewa?"

"Mikono ilikuwa kwa tumbo ya mtu."

Kitonga akautazama mlango wa chumba cha upasuaji. "Huyo mama anaendeleaje?"

"Leo amekunywa uji."

"Sasa niambie ukweli. Haitatokea tena?"

Mbinya alimpenda mtu huyu, na aliogopa kumpoteza. Uongo ungekuwa rahisi, lakini hakuwa na nguvu za kuutunga.

"Itatokea. Hata siku ya harusi inaweza kutokea."

Kitonga akashusha pumzi, akaketi karibu naye. "Basi nitawaleta wazee hapa kwa benchi. Ukitoka, saa yoyote, wakuulize. Utasema nini?"

"Ndiyo," Mbinya alisema, machozi yakimtoka, na kabla hajayafuta usingizi ukamchukua begani mwa Kitonga.

Baadaye nesi alikuja mbio kumwita kwa mgonjwa mwingine. Kitonga ndiye aliyemwamsha.