Lusungu Atafuta Ugonjwa wa Migomba

Lusungu na mkewe Ikupa ni wakulima wa Ikuti, wilayani Rungwe. Asubuhi huenda pamoja kwenye shamba lao la migomba. Jioni Ikupa hupika ndizi.

Mwaka huu migomba ilianza kufa. Majani yaligeuka njano yakalegea. Ndizi ziliiva kabla ya kukomaa, na ndani zilikuwa na rangi ya kutu. Kila siku Lusungu alikata migomba iliyougua, kisha kwa panga lilelile akaondoa majani makavu kwenye mizima.

"Tafuta kwenye simu," Ikupa alimwambia. "Wenzetu wanapata kila kitu humo."

Lusungu akaandika: "amatoki yangu yananyauka ndani yana kutu naomba mnisaidie haraka". Akaweka alama za kunukuu mwanzo na mwisho, ili swali lionekane la maana.

Simu ikajibu: Hakuna matokeo.

Akaongeza maneno. Hakuna matokeo.

"Hata huko hakuna anayejua," akasema. "Tumekwisha, mke wangu."

Ikupa alikuwa akitazama safu nyingine ikianza kugeuka njano.

Kisha akaja Rahma, mfanyabiashara wa Tukuyu mjini, anayenunua ndizi zao. Hakukuta mkungu hata mmoja wa kununua. Walipomweleza, akaomba aione simu.

"Kaka Lusungu, hiyo haina maana kwamba hakuna jibu. Hivi vikoma vya juu vinaiamuru simu itafute sentensi yako yote, neno kwa neno. Nani mwingine ameandika hivyo? Vifute. Na amatoki ni Kinyakyusa. Wengi huandika migomba."

"Na haya mengine?"

"Punguza. Simu haiombwi. Bakiza maneno mawili matatu ya tatizo lenyewe, ukague na herufi. Ukikosa, badilisha neno ujaribu tena."

Lusungu akaandika taratibu: ugonjwa migomba kunyauka.

Majibu yakajaa kwenye kioo. Rahma akamwonyesha kurasa za wataalamu wa kilimo. Lusungu akasoma kwa sauti. Mnyauko wa bakteria hauna dawa. Mgomba mgonjwa ung'olewe. Panga lisilopitishwa motoni husambaza ugonjwa.

Akalitazama panga lake.

"Ni mimi niliyeusambaza," akasema. "Kwa mkono huu."

"Hukujua," Ikupa alisema, lakini machozi yalikuwa yakimtoka.

Walimpigia bwana shamba. Akaja, akathibitisha. Wakang'oa migomba yote ya upande wa juu, hata ile aliyoipanda marehemu mama yake Lusungu. Baada ya kila mgomba, walipitisha panga motoni. Pale palipobaki wazi wakapanda maharage. Miezi iliyofuata ilikuwa ya njaa.

Bondeni ilibaki migomba michache. Ugonjwa haukufika huko. Siku moja mkungu mmoja ulikomaa. Ikupa akachukua ndizi moja, akaipasua.

Ndani ilikuwa nyeupe.

Akakaa chini palepale akalia, na Lusungu akakaa kando yake.