Familia ya Kuuzia Nyumba

Haya, sogeeni karibu, nawategea. Wanaolala ndani yake ni wageni, na anayepita dakika chache akigonga kuta kwa kidole ndiye inayemsubiri. Ni nini hicho?

Si gari, wewe baba wa dirishani. Gari halina sebule. Si hospitali pia. Mmeshindwa? Zamani aliyeshindwa alinipa mji, nikautawala kwa majigambo mpaka kitendawili kingine. Leo siwadai mji. Mji wote uko mikononi mwa mwanangu, maana yeye ni dalali wa nyumba. Jibu ndilo hilo: ni nyumba inayouzwa, ikawekwa familia ndani ili ipendeze.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka mwanzoni.

Alasiri moja nilikwenda kuwatembelea. Chai ilikuwa mezani, mkamwana wangu, yaani mke wa mwanangu, ananisimulia habari za sokoni, na mjukuu wangu amelala kifudifudi sakafuni anachora paka mwenye masharubu marefu kuliko mkia. Mjukuu huyo tulimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hakunyamaza. Hata usingizini alikuwa akijibizana na mtu. Nyumba ilikuwa tulivu, raha tupu. Mara simu ya mwanangu ikalia.

"Ndiyo, mama. Karibu sana, mama. Hapana, hutusumbui hata kidogo." Akaishusha simu, macho yamemtoka. "Mteja! Yuko hapo kwenye kona!"

Mkamwana wangu alisimama kama askari aliyesikia filimbi. Vikombe vikaingia kabatini na chai yake ndani. Nguo mbichi zikaanuliwa, zikasukumwa kwenye buti la gari. Paka wa Chiriku akalazwa chini ya godoro. Kisha mama mtu akawasha jiko, akakata kitunguu, akakitupa kwenye mafuta ya moto. Harufu ikajaa nyumba nzima.

"Tunapika nini, mama?" Chiriku akauliza.

"Hatupiki kitu. Ni harufu tu."

"Kwa hiyo tutakula harufu?"

"Na wewe, mama," mwanangu akanigeukia mimi, "kaa hapo barazani na ufumaji wako. Wateja wanapenda nyumba yenye bibi."

"Kwani bibi naye anauzwa pamoja na nyumba?" nikamuuliza.

"Wakiongeza bei tutazungumza."

Nikakaa barazani. Mtoto ukimzaa mwenyewe, hata ujinga wake unauonea huruma.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, msije mkamhukumu bure. Mwanangu si mwizi wala mlevi. Kiunoni alining'iniza kitita cha funguo za nyumba za watu. Mfukoni alikuwa na futi ya chuma inayojikunja yenyewe, tochi ya kumulika darini, na simu yenye laini mbili. Kwenye gari alibeba vibao vilivyoandikwa INAUZWA na namba yake kwa rangi nyekundu, pamoja na nyundo ya kuvipigilia. Aligonga ukuta kidogo tu akakwambia kama plasta imeachana na tofali.

Lakini soko lilikuwa limelala fofofo. Wenye nyumba za kuuza walikuwa wengi, wenye fedha wachache, tena wa kuangalia na kuondoka. Na nyumba tupu, alinieleza, huanza kuoza siku watu wanapotoka. Mifereji inanuka, mende wanahamia, wapita njia wanang'oa vitasa. Mnunuzi naye akikuta vyumba vitupu anajua mwenye nyumba ameshikika, anakata bei bila huruma. Ila mnunuzi huyohuyo akute pazia safi, viatu vya mtoto vimepangwa sambamba mlangoni, na kitunguu kinakaangwa jikoni, moyo wake unakuwa umeshahamia kabla hajauliza bei.

Basi mwanangu akapata wazo. Akawaambia wenye nyumba, "Nipeni nikae bure na familia yangu mpaka iuzwe. Nitaitunza, na itauzika upesi." Wakakubali huku wakimshukuru. Akaacha kulipa pango, akajiona mjanja wa wajanja.

Nyumba kweli ziliuzika, na hapo ndipo uchungu ulipoanzia. Mkamwana wangu ana mkono wa kupendezesha nyumba. Kadiri alivyoipendezesha, ndivyo alivyojifukuza mwenyewe. Pazia likikaa vizuri, mteja huyo, wanafunga virago. Akipanda maua, anayeyaona yakichanua ni mwanamke mwingine. Wakatoka nyumba hii wakaingia ile, na ile, na nyingine. Kupiga msumari ukutani marufuku. Kualika marafiki marufuku. Na Chiriku alifundishwa maneno ya kumwambia kila mteja, akayakariri kama somo la shule.

Siku hiyo ya kitunguu mteja alikuwa mama mmoja mwenye miwani, muuguzi mstaafu, anayetafuta nyumba ya kumalizia uzee wake. Chiriku akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Karibu. Hii ndiyo nyumba yetu. Tunaipenda sana. Tunahama kwa sababu baba amepata kazi mbali."

"Alaa, vizuri," akasema yule mama.

Wakazunguka vyumbani, mwanangu akimimina sifa. Mara Chiriku akabanwa. Akakimbia ukumbini, akafungua mlango wa kushoto: stoo ya mifagio. Akafungua wa kulia: kabati la mashuka. Akabaki katikati amekunja miguu, anageuza kichwa huku na huku. Katika nyumba waliyotoka, choo kilikuwa kushoto.

Yule mama akainama, akavua miwani yake. "Mjukuu wangu, kwenu ni wapi hasa?"

Chiriku akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Mdomo ukafunguka, ukafumbika.

"Ana haya," mwanangu akadakia, akicheka.

"Mwenye haya hukosa maneno. Huyu amekosa mlango." Akavaa miwani yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Mwanangu alipandisha hasira. "Umeniharibia kazi! Choo tu kinakushinda?"

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo ni mtoto. Si kitasa cha kufunga mlango huu ukakihamishia ule."

"Mama, haya yote nayafanya kwa ajili yake. Nikiweka akiba ya kutosha, nitamjengea nyumba."

"Lini?"

"Soko likiamka."

Tangu siku hiyo Chiriku alikoma kupiga soga. Ukimsalimu anaitikia, ukimuuliza anatikisa kichwa. Walimu walisema ametulia, amekuwa mtoto mzuri. Jamani, mtoto wa kelele akinyamaza ghafla, msishangilie. Mkae naye chini.

Haukupita muda, nyumba ile ikapata mnunuzi mwingine. Wakahama asubuhi, Chiriku akiwa shuleni. Mkamwana wangu alibaki kwenye nyumba mpya akisugua sakafu, na baba mtu ndiye aliyekuwa amchukue mtoto. Yuko njiani, simu ikalia: kuna mtu ana fedha taslimu, anataka kuona jumba la ghorofa sasa hivi, kesho anasafiri. Mwanangu akageuza gari. Akajiambia ni mara moja tu.

Alipofika shuleni, geti lilikuwa limefungwa na mvua imeanza.

"Alitoka na wenzake," mlinzi akamwambia. "Nilimuuliza, nani anakuja kukuchukua? Akanyamaza. Nikadhani kwenu ni hapo jirani."

Mwanangu akakimbilia nyumba waliyohama asubuhi. Kufuli jipya. Akaenda ile ya kabla yake, mbwa akamfukuza. Akaenda na ile nyingine, akakuta watu asiowajua wamekaa mezani wanakula, wakamshangaa alivyolowa. Hawakumwona mtoto yeyote. Wakati huo mkamwana wangu alikuwa amenipigia simu huku analia, nami nikaja mbio na mwavuli wangu mbovu. Tulimkuta mwanangu kituo cha polisi, amesimama mbele ya kaunta.

"Mtoto anakaa wapi?" askari alimuuliza.

Akataja nyumba mpya. Kisha akatazama chini, kwa sababu mtoto hakuwahi hata kuiona.

Mkamwana wangu akamshika ukosi wa shati, mbele ya askari. "Wewe unajua kila nyumba ya mji huu ina vyumba vingapi! Niambie sasa, mwanangu anadhani kwao ni wapi?"

Funguo za watu zilimning'inia kiunoni, na hakujua ni mlango gani mwanawe angeuita wake.

Simu yake ikalia. Namba ngeni. Mazoea yana nguvu, jamani. Sauti ilimtoka tamu kama kawaida. "Karibu, mteja!"

Sauti ya mwanamume ikasikika, maana simu yake ina sauti kubwa. "Samahani, bwana. Namba yako nimeisoma kwenye kibao. Mimi ni fundi baiskeli, niko mkabala na ile nyumba ya ukuta wa kijani."

"Ndiyo, ile bado ipo, ina vyumba vitatu na—"

"Sitaki nyumba. Kuna mtoto wa kike amekaa mlangoni hapa. Namwita aje kwangu asilowe, hataki. Anasema hapo ni kwao."

"Hapo? Hatujawahi kukaa hapo."

"Basi sijui mimi. Amevua viatu, amevipanga mlangoni. Kila anayepita anamwambia, karibu, hii ndiyo nyumba yetu, tunaipenda sana."

Tulimkuta hivyohivyo. Nyumba tupu, imefungwa, maji yanachuruzika kutoka kwenye bati, na Chiriku ameketi chini ya kibao, meno yanagongana. Fundi baiskeli alikuwa amemfunika kwa koti lake na kusimama naye kwenye mvua, Mungu ambariki. Mama yake akamnyakua. Baba yake akachuchumaa matopeni.

"Nani alikuambia tunakaa hapa, mwanangu?"

Mtoto akanyoosha kidole juu, kwenye maandishi mekundu. "Namba yako, baba."

Baba mtu alishika viatu vile vidogo, kimoja mkono huu na kimoja mkono huu, akalia.

Chiriku aliugua kifua, akalala kitandani siku kadhaa, tukawa hatujui kama usiku utapita salama. Mama yake hakubanduka. Homa iliposhuka, alimwambia mumewe kwa sauti ndogo, ile inayotisha kuliko kelele: "Uza unachotaka kuuza. Mimi na mwanangu hatumo tena kwenye bei."

Hakubisha. Alitafuta vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Nyumba ambayo angekuwa na mteja angempitisha haraka asiione: ukuta una ufa, mlango wa jikoni unakwaruza sakafu, na kelele za mashine huanza asubuhi. Siku ya kuhamia alimpa Chiriku nyundo na msumari. "Piga popote unapotaka." Chiriku akapiga katikati kabisa ya ukuta, ukaingia upande. Hakuwa na kitu cha kutundika. Alifurahi tu kuuona upo.

Mwanangu bado ni dalali. Siku hizi nyumba tupu anaionyesha ikiwa tupu, anamulika darini kwa tochi na kusema, "Hapa panavuja." Anauza kidogo kuliko zamani. Jioni anakula na watu wake, na kitunguu kikikaangwa, kuna mboga inafuata.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, kazi zenu zina vifaa. Fundi ana nyundo, dalali ana funguo na futi. Vifaa hivyo vichosheni mnavyotaka, vikiharibika mtanunua vingine. Ila mke, mume, mtoto na mzee wa nyumbani msiwatie kwenye mfuko wa vifaa. Mtu anayesema "nafanya haya kwa ajili ya wanangu" ajiulize mara kwa mara hao wanangu wako wapi muda huu, na wamekula nini.

Pili, msimfundishe mtoto uongo hata kama una faida. Mtoto hajui kuwa uongo ni wa wateja tu. Ataukalia mlangoni kwenye mvua akiuamini.

Tatu, nyumba ni pale mtoto anapokwenda bila kuuliza njia. Ikiwa na ufa, zibeni ufa, lakini mkae.

Nilitaka kuishia hapo. Ila naona yule baba wa dirishani ananitazama, anataka kujua kama Chiriku alisema tena. Alianza taratibu, neno moja moja, kama anayejaribu maji kwa kidole. Swali lile la muuguzi hakuna aliyethubutu kumuuliza tena.

Juzi yule mama mwenye miwani alikuja mwenyewe. Alikuwa bado hajapata nyumba, akasikia kuna dalali anayesema panapovuja, hakujua kuwa ni yuleyule mpaka alipotuona. Tulicheka, tukamkaribisha akae. Chiriku akaingia kutoka kucheza, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unanikumbuka? Nilikuuliza kitu, hukunijibu."

Mkamwana wangu akaacha kukata mboga. Huko nje hata mashine ya kuchomelea ilikuwa imezimwa. Chiriku hakumtazama baba yake, wala mama yake, wala mimi. Akajifuta mikono kwenye gauni, akamtazama yule mama machoni.

"Kwetu ni hapa," akasema. "Na hapauzwi."